Tende au mabuyu, miwa au soda: utamu gani uchague kama meno unayataka na mwili pia unautaka

Tuambiane ukweli, mtu wa pwani kuacha vitu vitamu ni ndoto, hata huyo daktari wa meno ukimtembelea siku ya Idi utakaribishwa halwa na kahawa, kwa hivo sina haja ya kuandika habari ya "wacha sukari" manake kila mtu ashaisikia na kila mtu ashaipuuza. Nataka tulinganishe tu. Huku mabuyu, huku tende, pale kona mashine ya miwa inanguruma, dukani soda baridi, nyumbani chai ya maziwa ya vijiko vitatu. Ukiambiwa chagua, uchague nini? Jibu linasumbua kidogo sababu meno yana hesabu yao na mwili una hesabu yake na hizo hesabu mbili mara nyingi hazipatani, waweza kupata kitu kimejaa sukari tele lakini meno yakakivumilia, na kingine sukari yake kiduchu lakini kwa meno ni balaa.

Meno yanahesabu nini

Kwenye meno kuna ukoga, ule utando unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi kabla hujapiga mswaki. Ndani yake wamejaa bakteria, na maarufu kati yao ni huyu anaitwa Streptococcus mutans. Ukila kitu kitamu naye anakula, kisha anatoa asidi, na hiyo asidi ndo inayolila jino. Asidi inapimwa kwa pH, namba ikishuka ndo asidi imezidi, maji safi ni 7, na kwenye meno ikishuka chini ya kama 5.5 hivi lile gamba gumu la nje, enameli, linaanza kupoteza madini. Kushuka ni dakika chache tu. Kupanda ndo kazi, mate yanataka kama nusu saa mpaka saa nzima kuiondoa hiyo asidi, na ikishaondoka ndo jino linaanza kurudishiwa madini yake kidogo kidogo. Mmarekani Robert Stephan alipima haya mambo miaka ya 1940 na mchoro wake wa kushuka na kupanda mpaka leo wanafunzi wa udaktari wa meno wanafundishwa.

Sasa hapo ndo ujue jino haliulizi sana ni gramu ngapi, linauliza ni mara ngapi kwa siku na hiyo kitu imekaa mdomoni muda gani. Mtu aliyepiga kipande kikubwa cha halwa baada ya chakula, akanywa maji, akamaliza, meno yake yameshambuliwa mara moja. Mwenzake aliyeweka kikombe cha chai mezani ofisini akawa anapiga fundo moja kila baada ya dakika kumi kutoka saa mbili mpaka saa sita, huyu mate yake hayajapata nafasi ya kufanya kazi asubuhi nzima, na ukijumlisha sukari pengine hajafika hata nusu ya yule wa halwa.

Kuna utafiti ulifanywa Sweden, hospitali ya Vipeholm, kuanzia 1945, na ni utafiti wa aibu kusema kweli manake waliotumiwa ni wagonjwa wenye ulemavu wa akili ambao hakuna aliyewauliza kama wanakubali, wakalishwa tofi za kunata makusudi ili waone meno yataoza vipi. Unyama huo. Lakini kilichoonekana ndo msingi wa ushauri wa madaktari wa meno mpaka leo: sukari iliyoliwa pamoja na chakula haikuharibu meno sana, tofi za kunata zilizoliwa katikati ya milo ziliyaozesha vibaya sana.

Na mwili je

Hapa ndo watu wanapochanganyikiwa. Utasikia mtu anatia kijiko cha nne kwenye chai huku anasema "mwili unahitaji sukari bwana". Ni kweli unahitaji. Ubongo wa mtu mzima peke yake unatumia glukosi kama gramu 120 kwa siku, na chembe nyekundu za damu hazina kawi ingine zinayoitegemea isipokua hiyo glukosi. Ikishuka sana kwenye damu unatetemeka, jasho jembamba linakutoka, unaona kizunguzungu, na ikizidi unapoteza fahamu.

Ila hiyo glukosi si lazima itoke kwa kikopo cha sukari. Ugali, wali wa nazi, muhogo, mbaazi, chapati, vyote hivyo ni wanga na wanga ukifika tumboni unavunjwavunjwa unakua glukosi ile ile. Ini linaweka akiba ya kama gramu 100, misuli nayo kama gramu 400 ya matumizi yake, na ukikaa sana bila kula ini lina uwezo wa kujitengenezea glukosi kutoka kwa protini na mafuta. Kwa hivo ukiuliza mwili unahitaji vijiko vingapi vya sukari ya kuongeza kila siku, jibu ni sufuri. Sikusema ni haramu, nimesema haihitajiki.

Kinachoruhusiwa ndo hiki: Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo asilimia 10 ni gramu 50, kama vijiko vya chai 12, na asilimia 5 ni gramu 25, vijiko 6. Humo ndani wamehesabu sukari yoyote iliyotiwa na mpishi au kiwanda, na asali, na juisi za matunda hata zile umekamua mwenyewe nyumbani. Tunda zima halimo, maziwa hayamo. Haya piga hesabu yako sasa, chai tatu za vijiko vitatu ni vijiko 9, ongeza soda moja ya saa saba mchana na joto hili, ushapita, na bado hatujafika kwenye kaimati.

Soda au miwa

Hii ndo inayogombaniwa zaidi, na wengi wanaamini miwa ni afya sababu unaona kwa macho yako muwa unapita kwenye mashine na povu linatoka. Tuangalie. Soda nyeusi ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, vijiko 8. Juisi ya miwa ya kiasi hicho hicho haipungui gramu 30 na mara nyingi inazidi, manake utomvu wa muwa ni sukari ya mezani ile ile kabla haijapelekwa kiwandani. Kwa mwili basi hapo hakuna mshindi, aliyekuambia miwa haihesabiki amekudanganya. Ina madini kidogo, sawa, lakini si ya kufanya uruke foleni ya kisukari.

Kwa meno ndo tofauti inajitokeza. Soda nyeusi pH yake ni kama 2.5, yaani kabla bakteria hajaanza kazi yake hiyo soda yenyewe ishaanza kuilainisha enameli. Juisi ya miwa tupu iko juu kule karibu na 5, si kali hivo. Tatizo ni vile tunavyoinywa. Nenda Mama Ngina pale Mombasa jioni uangalie, kijana anakunja muwa mara mbili, anaupitisha, anaukunja tena na kipande cha tangawizi na ndimu nzima katikati, na hiyo ndimu ndo inayoleta ladha na ndo inayoshusha pH. Ukitaka kusaidia meno mwambie akutilie tangawizi peke yake. Najua haitakua tamu vile, lakini hapa tunalinganisha.

Na muwa wa kutafuna je? Mimi huo nauweka juu ya zote mbili. Unatafuna, mate yanatoka mengi, na mwisho taya zinachoka kabla hujafika gramu 30. Mradi usiutafune kuanzia asubuhi hadi jioni kibarazani na usiumenye kwa meno, manake hapo hatuongelei tena sukari tunaongelea jino lililovunjika.

Kama ni lazima soda, inywe na chakula, imalize, usiibebe kwenye chupa ukawa unafungua na kufunga garini. Mrija unasaidia kidogo. Na usikimbilie mswaki hapo hapo, enameli iko laini, suuza na maji kwanza usubiri angalau nusu saa.

Kuhusu zile soda za diet zisizo na sukari, kwa mwili zimeondoa tatizo la gramu, kwa bakteria pia hazina chakula, lakini asidi yake ya kiwandani iko pale pale. Ni afadhali kuliko soda ya kawaida, si afadhali kuliko maji.

Tende au mabuyu

Hapa naomba tukae kidogo manake ndo penyewe.

Tende kwanza. Ukiangalia karatasini utaogopa, tende kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, zile kubwa laini moja tu yaweza kua na gramu 15 na zaidi, zile ndogo za kawaida tunazonunua kwa kilo Ramadhani ni kama gramu 5 kila moja. Zinanata pia, zinaingia kwenye mifereji ya magego. Lakini angalia zinavyoliwa: tatu au tano kwa mkupuo, maji juu yake, imekwisha. Na kwa mwili zinakuja na nyuzinyuzi na potasiamu na ni tunda zima, si maji ya sukari. Aliyefunga kutoka alfajiri mpaka magharibi, kama masaa 13 huku kwetu, ini lake lishatumia sehemu kubwa ya akiba yake na tende inamrudisha haraka bila kumlemea tumbo. Kwa hivo tende kwa futari ni chaguo zuri pande zote mbili ukisukutua na maji baada yake. Kinachoharibu ni kile kinachofuata, sahani ya kaimati, vibibi, tambi, juisi ya ukwaju, inabaki mezani tangu magharibi mpaka daku na kila anayepita anadonoa kimoja, na baada ya kutwa nzima ya mdomo mkavu. Mtu huyo huyo anakula daku anarudi kulala bila kupiga mswaki sababu usingizi ushamshika. Mwezi mzima.

Mabuyu sasa. Kwa gramu mabuyu hayana makuu, punje moja imepakwa ganda jembamba tu la sukari, rangi, iliki na pilipili, ukila mfuko mdogo hujafika kikombe kimoja cha chai tamu. Mwili hauna malalamiko. Lakini fuata punje moja inavyosafiri mdomoni. Unaitia, ulimi unaanza kulamba ile sukari nyekundu, unaihamishia shavu la kulia, inakaa pale, ganda la sukari linaisha taratibu na chini yake ndo kuna ule unga mweupe wa ubuyu wenyewe ambao ni mkali, una asidi yake ya asili na ndo hiyo tunayoipenda, sasa unafyonza, unaihamishia shavu la kushoto, unafyonza mpaka inabaki kokwa nyeusi kavu, unaitema, na mkono uko ndani ya mfuko tayari. Dakika tano kila punje, na mfuko una punje ngapi? Bakteria anapewa sukari, jino linapewa asidi ya bure juu yake, na zote mbili zimekaa shavuni zimeegemea jino moja. Ukitaka kubuni kitu cha kuozesha meno hutapata kilichopangika hivi. Na sijataja wale wanaolivunja kokwa.

Kwa hivo nikiambiwa nichague, kwa meno tende inashinda mabuyu kwa mbali sana ingawa ina sukari nyingi zaidi, na hapo ndo uone hesabu ya gramu peke yake inavyopotosha. Pipi za kufyonza, ukwaju wa pipi, achari tamu ya maembe, vyote viko kundi la mabuyu. Sisemi usile mabuyu, hata mimi nakula. Kula yote kwa mara moja baada ya chakula cha mchana kisha ufunge kazi, usitembee na mfuko kwa mkoba kutoka feri mpaka Nyali.

Halwa na kahawa tungu, au chai ya kutwa

Halwa ni sukari, wanga na samli, hakuna wa kuitetea mbele ya daktari wa kisukari, na kipande kimoja kinaweza kumaliza bajeti yako ya siku. Hapo mwili unaonewa. Meno lakini yanapata nafuu manake halwa inaliwa kwa kikao, ni laini, haifyonzwi, na juu yake inashushwa kahawa tungu isiyo na hata chembe ya sukari. Wazee wa barazani walivopanga ile kitu wamepanga vizuri, utamu mara moja kisha uchungu vikombe vinne vitano. Kashata iko karibu na hapo, ila ile ya njugu ngumu inabandika vipande kwenye magego.

Chai ya maziwa nayo, kikombe kimoja cha vijiko viwili hakiui mtu. Maziwa yenyewe yana sukari yake, laktosi, ambayo ndo dhaifu kwa kuozesha meno, na yana kalsiamu juu yake. Ila chai ya kutwa, ile chupa ya thamosi iliyotiwa sukari ndani kabisa na kila saa unamimina kidogo, hapo unaharibu pande zote mbili kwa wakati mmoja. Suluhisho si gumu, pika chai bila sukari, sukari iwe mezani, mtu ajitilie, na kikombe cha tatu kiwe bila sukari. Ulimi unazoea, wiki za mwanzo tu ndo utaona kama unakunywa adhabu.

Asali, sukari guru, sukari nyeupe

Fupi hapa. Asali kama asilimia 80 yake ni sukari, guru nayo kubwa yake ni sukari ya miwa na madini kidogo, ile ya hudhurungi ni nyeupe iliyoachiwa rangi. Jino halitofautishi. Mwili unatofautisha kidogo mno. Chagua kwa ladha na kwa bei, guru kwenye uji ni tamu wallahi, lakini usijidanganye kwamba umeacha sukari. Na mtoto hajafika mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulambishwa, inaweza kua na vijidudu vya sumu ambayo tumbo lake halijaweza kuihimili.

Dafu au juisi

Dafu linashinda, hakuna mjadala. Maji ya dafu yana sukari kama gramu 3 hivi kwa mililita 100, theluthi ya soda au chini, na unakunywa umesimama pale kwa mkokoteni unamaliza. Juisi ya paketi hata ile imeandikwa haijaongezwa sukari ni karibu sawa na soda kwa gramu na ina asidi ya tunda. Juisi ya nyumbani ya embe imekamuliwa maembe matatu, ungeweza kuyala matatu ukiwa umekaa? Embe zima linakushibisha njiani, juisi inateremka tu.

Kisha kuna krispsi za muhogo, zile za pilipili na ndimu. Watu wanasema hizi hazina sukari basi salama. Mate yetu yana kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga mdomoni hapo hapo, na unga wa krispsi unajisokota kati ya magego unabaki humo masaa. Si mbaya kama mabuyu, lakini usiziweke kundi la njugu. Ukitaka kitu cha kutafuna barabarani ambacho meno hayatalalamika, njugu za chumvi ndo zenyewe.

Wakati ambapo mpangilio wote unapinduka

Yote niliyosema juu yana siku yake ya kugeuka. Mtu wa kisukari anayejidunga insulini au anatumia vidonge vya kushusha, akianza kutetemeka na kutoka jasho na mashine ya kupima sukari ya damu ikasoma chini ya 4 (mmol/L), hapo soda ya kawaida ndo dawa na dafu halimfai. Anataka gramu 15 mpaka 20 za haraka: nusu ya ile soda ya mililita 300, au vijiko vya chai vinne vitano vya sukari kwenye maji. Apimwe tena baada ya dakika 15, ikiwa bado iko chini arudie, ikipanda ale chakula cha kawaida. Soda ya diet hapo haina kazi yoyote, na halwa pia haifai ijapokua ni tamu vipi, samli inachelewesha. Akiwa ashapoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Meno siku hiyo hayaulizwi.

Mwengine ni anayeharisha. Maji ya lita moja safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, hiyo sukari si ya ladha, ndo inayovuta chumvi na maji yaingie mwilini kupitia utumbo. Usiongeze kijiko cha saba kwa huruma, sukari ikizidi inaongeza kuharisha.

Watoto

Hapa sina ulinganisho mrefu. Chupa ya usiku yenye chai au juisi au maji ya sukari, mtoto analala nayo mdomoni, mate usiku yanapungua, meno ya mbele ya juu yanageuka kahawia kabla hajafika miaka mitatu. Chupa ya kulalia iwe maji matupu. Na bibi zetu, kwa heshima zote, wapunguze ile pipi ya kunyamazishia. Mtoto akililia utamu mpe baada ya chakula, hata kama ni nyingi kuliko ungependa, ni afadhali kuliko kidogo kidogo kutwa.

Mswaki mara mbili kwa siku, wa usiku usikosekane, na dawa yenye floridi. Ukimaliza tema povu usisukutue na maji mengi, iache ile floridi ifanye kazi. Mswaki wa mti unaouzwa nje ya msikiti unasafisha ukoga vizuri sana mtu akiujua kuutumia, lakini changanya na dawa ya floridi, sioni sababu ya kuchagua kimoja.

Muguka, bazuka na soda

Nimeiacha mwisho sababu najua italeta maneno. Ulinganisho wote huu ukiuweka mezani, kinachokaa chini kabisa si halwa wala soda, ni kile kikao cha muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa. Majani shavuni masaa manne matano, mdomo unakauka kwa hivo mate ambayo ndo mlinzi wako hayapo, uchungu unakatwa na bazuka tamu, yaani ubani wa kutafuna, moja baada ya nyengine, na soda pembeni inapigwa fundo fundo. Meno yanapigwa kutwa, na mwili nao haujapata chakula chochote cha maana manake njaa imekatika. Kama unajua hutaacha leo wala kesho, basi badilisha vilivyo pembeni: soda iwe maji baridi, mengi, na bazuka iwe ile isiyo na sukari, zipo supamaketi, zile za zailitoli, kitamu kinachotiwa badala ya sukari, ndo bora manake bakteria hawezi kuitumia na kutafuna kunaleta mate. Ni ghali kuliko za dukani kwa mtaa, lakini kuziba jino moja ni ghali zaidi, na kung'oa kisha kuweka la bandia usiniulize bei.